Neno Langu Ni Neno

13 Septemba 1954, Jumatatu

Daftari hili nimepewa leo na Polycarpe, muganga wa dispansari. Amesema niandike kila siku mambo matatu: nimelala kwa muda wa saa ngapi, nimekula nini, na moyo wangu ulikuwaje. Nimemuuliza moyo unapimwa kwa kilo au kwa mita. Amecheka sana, akanipigapiga begani. Mimi sikuwa nafanya mzaha, na bega langu sikumpa ruhusa.

Haya. Nimelala kwa saa saba. Nimekula viazi na maharage. Moyo una hasira, na sababu yake ni hii.

Jana baada ya misa kaka yangu Sebahire aliniita mbele ya mke wake, Dancille, akaniambia: "Athanasie, mimi nimechoka. Mwaka jana ulifunga mulango wiki tano. Mwaka juzi, wiki sita. Na mbele ya kufunga unakuwa unazunguka kwa bantu na maneno mingi, hata Padri anakukimbia. Sasa tunapanda maharagi. Ikiisha kuingia ku gala, mwezi wa kwanza, tutakaa kikao. Kama umeanguka tena, Polycarpe ataandika karatasi, na utaenda ku hospitali ya bantu ba kichwa, ng'ambo ya ziwa."

Nimeandika maneno yake jinsi alivyoyatoa kinywani. Mimi mwenyewe naandika Kiswahili cha masista, nimekaa nao shuleni miaka sita, lakini maneno ya mtu ni mali yake, sina haki ya kuyanyoosha.

Nina miaka thelathini na moja. Nina nyumba yangu ndani ya lupango wetu, ua wa familia, chumba kimoja, paa la nyasi. Baba alinijengea kabla hajafa kwa sababu alijua kelele zinaniumiza. Kutoka kilimani kwetu mtu mmoja tu amewahi kupelekwa hospitali ile, na hakurudi. Kwa hiyo nimeambiwa nisianguke. Kana kwamba huwa naanguka kwa kupenda!

14 Septemba

Saa saba. Viazi. Mvua kidogo. Moyo: bado hasira.

15 Septemba

Kama jana.

19 Septemba, Jumapili

Baada ya misa wanawake wanasalimiana. Wanashikana mikono, wanakumbatiana, kushoto, kulia, wanashikana tena, wanaulizana habari za watoto, za mbuzi, za mguu wa bibi. Mimi ngozi yangu haitaki. Mtu akinikumbatia bila kunionya, nabaki nimemsikia mwilini mpaka jioni. Basi nasimama pembeni ya ukuta, nasema "Amani kwenu nyote," mara moja, kwa watu wote. Naona hiyo inatosha, na inapunguza kazi.

Mama mmoja amesema kwa sauti ili nisikie: "Uyu anajiona sana."

Sijioni. Naona vitu vingine vyote kwa wakati mmoja, hiyo ndiyo shida yangu. Naona uzi uliotoka kwenye kitambaa chake, nasikia nzi, nasikia watu kumi na wanne wakisema pamoja, na bado natakiwa nikumbuke kuuliza mguu wa bibi. Nimerudi nyumbani nikalala mchana na kitenge usoni.

23 Septemba

Tumepanda. Nimegombana na Dancille.

Kwa siku mbili nilikaa nikichambua maharage ya mbegu: mekundu, meusi, yenye mistari, meupe, ya manjano, aina kumi na moja, kila aina kwenye kibakuli chake. Leo alfajiri Dancille amekuja, ameona vibakuli, amemwaga vyote kwenye kapu moja. Nimepiga kelele. Na yeye amepiga kelele, na kelele ya Dancille si mchezo. Dancille anamwita kuku kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Maharagi inapandwa ya kuchanganya! Tangu zamani! Mvua ikiua ya mwekundu, ya mweusi inabaki! Nani alikufundisha kulima, masista?"

Najua yanapandwa yakiwa yamechanganywa! Nilitaka kuyachanganya mwenyewe, kwa kipimo. Mvua ya mwaka jana iliozesha meupe karibu yote, kwa hiyo mwaka huu nilitaka meupe machache na yenye mistari mengi. Lakini sikuwa nimemwambia mtu. Nilidhani mtu akiona vibakuli kumi na moja ataelewa.

Simpendi Dancille. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

30 Septemba

Nyumba ya Sebahire imewekwa mabati. Amefurahi mno. Mvua ikipiga juu yake, mimi hata upande huu wa lupango siwezi kujisikia nikifikiri. Usingizi: saa sita.

4 Oktoba

Nimelala kwa saa tatu tu. Sichoki.

5 Oktoba

Saa mbili. Nimepalilia shamba letu lote kabla Dancille hajawasha moto. Moyo ni mzuri, mzuri sana, Polycarpe, andika hivyo kwa wino mwekundu kama unao.

7 Oktoba

Sijalala. Usingizi ni wa nini? Nimemwandikia bwana wa kilimo barua ya kurasa tisa juu ya maharage. Nimepanga kufundisha wanawake wote wa kilima kuchambua mbegu, kila Alhamisi, na nimekwisha kuwaambia nyumba kwa nyumba, nyumba kumi na saba. Wengine wamefungua mlango kidogo tu. Haidhuru! Kichwa kinawaka taa chumba baada ya chumba. Sebahire ananiangalia kwa jicho lile. Dancille naye ananiangalia, lakini hasemi kitu, na hilo si kawaida yake.

10 Oktoba, Jumapili

Jana ilikuwa arusi ya Drocella, binti wa jirani yetu Nzabandora. Nitaandika yote kwa utaratibu kwa sababu leo kila mtu anaisimulia vibaya.

Nzabandora ndiye mpikaji wa kasiksi, pombe ya ndizi, anayejulikana kutoka hapa hadi Sake. Ndizi zake anazizika mwenyewe, anazikamua mwenyewe. Mtu akiwa na ubatizo, au matanga, au mgeni mkubwa, anakwenda kwa Nzabandora. Jana aliweka mtungi mkubwa katikati ya uwanja, wakwe wapya upande mmoja, sisi majirani upande wa pili. Akafanya inavyofanywa: yeye mwenye mtungi akachomeka mrija, akavuta wa kwanza, watu wakamwona akimeza. Maana yake ni kwamba hamna sumu ndani, kunyweni kwa amani. Halafu mrija ukaanza kuzunguka mdomo kwa mdomo.

Ukanifikia mimi. Ulikuwa umepita watu tisa. Ulikuwa umelowa, na mmoja wao hutafuna tumbaku. Siku nyingine ningesema naumwa tumbo, ningeondoka kimya kimya, nimefanya hivyo miaka yote. Lakini jana nilikuwa sijalala siku tatu na mdomo wangu ulikuwa unatangulia mbele yangu. Nikasema, na nilisikia mwenyewe sauti ilivyokuwa kubwa: "Hapana. Mrija huo siutii mdomoni."

Watu wakanigeukia. Nzabandora akacheka kidogo, ili kuokoa mambo. Akasema: "Athanasie, binti wa rafiki yangu, unaogopa nini? Unafikiri mimi iko mulozi, mutu wa kutega sumu?"

Sasa, aliniuliza. Mtu akiniuliza, mimi nalitafuta jibu. Nililitafuta kweli. Nikamjibu: "Sijui kama wewe ni mlozi. Sijawahi kuchunguza."

Mungu wangu. Hapo ndipo niliona nyuso. Mama mkwe wa Drocella aliweka mkono mdomoni. Mwanamume mmoja wa upande wao alitema chini alichokuwa amekinywa. Sebahire alinishika mkono, nami mkono wangu haushikwi, nikapiga kelele, ndipo ikawa mbaya zaidi.

Lilikuwa jibu la kweli! Sijui kama Padri ni mlozi. Sijui kama Sebahire ni mlozi. Hakuna niliyemchunguza.

11 Oktoba

Sijalala. Sijala. Nimetembea mpaka barabara kubwa na kurudi mara nne.

12 Oktoba

Nzabandora amekuja. Amesimama kwenye mwingilio wa lupango, amekataa kukaa, amekataa maji. Alizungumza na Sebahire, si mimi, ingawa mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

"Wakwe zangu banauliza maswali. Jana mutu alituma kurudisha kasiksi yangu, mutungi muzima, ya matanga. Miaka makumi mbili hakuna mutu alirudisha mutungi yangu! Sebahire, dada yako aje kwangu, anywe mbele ya bantu na mrija yangu, ao aondoke hapa kilimani. Sina lingine."

Alikuwa amegeuza uso pembeni. Nilidhani ni hasira. Baada ya kuondoka ndipo Dancille akasema, si kwa sauti yake ya kuku: "Uyu muzee analia."

16 Oktoba

Polycarpe amekuja kuniangalia. Mpole, mpole kabisa. Anasema nisihangaike, yeye ataona la kufanya. Nimempenda siku ya leo. Ndiye pekee anayeniuliza maswali. Lakini ameongea nusu saa na Sebahire nyuma ya nyumba.

19 Oktoba

Taa zinazimika. Naijua njia hii. Nilitaka kuandika zaidi.

22 Oktoba

Mvua.

27 Oktoba

Nimefunga mlango.

2 Novemba

Mvua juu ya mabati.

?

Leo hapana.

9 Novemba, nadhani

Polycarpe, umeniambia niandike moyo ulivyo. Hauko. Sina huzuni, watu wanafikiri ni huzuni. Huzuni ingekuwa kitu cha kushika. Kuinua mkono ni kazi ya siku nzima. Nimelala saa zote na sijapumzika hata moja. Nasikia aibu ya mtungi wa Nzabandora, hiyo tu ndiyo nasikia.

?

Mvua. Kikohozi nje ya mlango, mara moja, halafu miguu inaondoka.

18 Novemba

Nimekula.

21 Novemba, Jumapili

Nimekula tena. Nimeoga. Nimefungua mlango kidogo, nikafunga.

24 Novemba

Nimetoka.

Wiki nne. Nimehesabu kwenye daftari hili. Mwaka jana ilikuwa tano. Sijui kama Sebahire anajua kutofautisha nne na tano, lakini mimi najua na naandika hapa.

Nje kizingitini palikuwa na sahani, imefunikwa na jani la mgomba. Nikajiuliza: kwa wiki nne nimekula nini, na nani aliyeleta? Sikumbuki mtu kugonga. Sikumbuki sauti za mama wa kanisa, ambao mwaka jana walikuja kusali na kupiga ngoma dirishani mpaka nikataka kufa. Nikaenda kuangalia sehemu yangu ya shamba nikitegemea majani tu. Imepaliliwa. Maharage yametoa maua.

25 Novemba

Nimemuuliza Dancille. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Ni mimi njo nilileta. Unafikiri ni malaika?"

"Kwa nini hukugonga?"

"Unapenda kugongewa?"

"Hapana."

"Basi."

Nikamuuliza kuhusu mama wa kanisa, walikwenda wapi. Akasema walikuja, na ngoma yao, naye aliwarudisha kutoka barabarani. Nilimwamini mara moja, maana sauti ile ya barabarani inafika. Halafu akaweka kisu chini.

"Mama yangu njo alikuwa vile. Alikuwa anafunga mulango, miezi mbili, miezi tatu. Mbele ya kufunga alikuwa anacheka, anaimba, anagawa vintu vya nyumba. Sisi batoto tulijua. Hatukumupeleka fasi yoyote. Tuliweka chakula, tulikohoa, tulienda. Akiwa tayari, anatoka. Alikufa muzee, na meno yake yote."

Miaka saba Dancille ameolewa hapa. Miaka saba nimemwandika kichwani mwangu kama mtu wa kelele tu. Badala ya kusema asante, nikachukua kisu cha pili nikamenya viazi naye. Aliona. Alinisukumia kapu.

Nimekosea juu ya Dancille. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

3 Desemba, Ijumaa

Nina hasira mpaka vidole vinauma, lakini ni hasira ya mtu mzima wa afya. Nimelala saa saba, Polycarpe! Saa saba, viazi, maharage, kila kitu chako!

Nilikwenda dispansari kuonyesha daftari. Polycarpe alikuwa anasafisha sindano. Karatasi ilikuwa mezani, na mimi karatasi yenye maandishi lazima niisome, siwezi kuipita. Ilikuwa na jina langu. Ilisema kwamba nina wazimu, kwamba sijui ninachosema, kwamba nipelekwe. Na juu, pembeni, ilikuwa na tarehe. 16 Oktoba.

Tarehe 16 Oktoba! Sikuwa nimeanguka bado. Kikao ni mwezi wa kwanza. Aliniambia niandike ili tuone, kumbe alikuwa ameona kabla sijamaliza kuandika.

Hakukana. Aliona haya kidogo, kisha akanieleza kwa sauti ile ya upole, na sasa upole wake unanikera kuliko kelele za ulimwengu wote.

"Athanasie, sikiliza. Ni musaada. Nzabandora anakubali. Ukiwa na karatasi ya wazimu, maneno yako ya arusi haina maana tena. Mutu wa wazimu akisema, hakuna mutu amesema. Kesi inaisha. Nzabandora anapata heshima yake, Sebahire anapata amani, na weye unapata kutunzwa."

"Na mimi nikisema jua limetoka?"

"Je?"

"Nikiwa na karatasi. Nikisema jua limetoka, nani amesema?"

Alichukua karatasi akaitia kwenye droo.

Nimemwambia hivi, na nayaandika yote: nilichosema kwa Nzabandora nilikisema mimi. Nilikisema vibaya, na kimemuumiza mzee ambaye hakunikosea, na ni mimi wa kukibeba. Msinipokonye. Mkinipokonya kosa langu mmenipokonya mdomo wote. Neno langu ni neno, hata likiwa la kijinga.

4 Desemba

Sebahire: "Lakini si unywe tu! Kunywa kidogo tu na mrija yake, ufunge macho, mambo inaisha!"

Nimejaribu. Nilichukua mrija wa Sebahire mwenyewe, kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Nilitapika. Dancille alimwambia: "Umeona? Acha sasa."

12 Desemba, Jumapili

Maganda yanajaa. Yenye mistari yamefanya vizuri. Nzabandora hakuwa misani. Wanasema mitungi yake imekauka ukutani, hakuna anayeagiza. Nilihisi vibaya wakati wote wa mahubiri. Nimefikiri juu ya mtungi ule. Nimeufikiria jinsi ninavyofikiria mbegu: hiki kiko wapi, hiki kinafanya nini. Sumu ikiwepo inakaa wapi? Watu wanaogopa nini hasa? Kwa nini mwenye mtungi huanza?

13 Desemba

Nimepata. Sitamwambia Sebahire.

25 Desemba

Noeli. Nilisalimia watu wanane kwa mkono, nikiwa nimewahesabu kabla. Wanane wanatosha.

28 Desemba

Tunang'oa maharage. Mvua imetuachia jua. Nimelala kwa saa nane, kama mtoto.

1 Januari 1955

Maharage yameingia ghalani. Kikao ni kesho, kwa Nzabandora, ili mambo yote mawili yaishe siku moja, ndivyo Sebahire alivyopanga. Nina woga. Nikishindwa, nyumba yangu kufika Pasaka itakuwa ya mbuzi.

2 Januari, Jumapili

Naandika usiku huu huu.

Tulikwenda mchana: Sebahire, Dancille na mimi. Polycarpe alikuwa amekwisha kufika, karatasi mfukoni, niliiona ncha yake. Wakwe wa Drocella walikuwepo, na majirani wengi kuliko walioitwa. Nzabandora amekonda. Alikuwa amepika mtungi mmoja, wa kwanza tangu arusi, na aliuweka katikati ya uwanja pale pale.

Akauchukua mrija wake. Akainama aonje wa kwanza, kama inavyofanywa.

Nikasema: "Usionje."

Sebahire alifunga macho. Mkwe mmoja alikuwa ameanza kuinuka aondoke. Nzabandora alibaki ameinama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepigwa mara ya pili.

Nilisema haraka, kabla hawajaelewa vibaya tena: "Usionje, mzee. Mwenye mtungi huonja ili anayeogopa asiogope. Mimi siogopi. Nitakunywa kabla yako."

Nikatoa kitengeni mrija wangu. Niliukata asubuhi kwenye matete ya bondeni, mbichi, hakuna mdomo uliowahi kuugusa. Nikauonyesha kwa watu wote, mbele na nyuma, uko mtupu. Nikasema: "Sumu ikiwepo inakuwa mtungini, haiwi kwenye mrija. Siku ile nilikataa mate ya watu tisa. Sikukataa kasiksi ya Nzabandora. Aliponiuliza swali nilimjibu kijinga na nikamuumiza, naye ni rafiki wa baba yangu. Naomba msamaha. Sasa nachunguza."

Nikachomeka, nikavuta. Sijawahi kuona mtu akinywa kabla ya mwenye mtungi, na wao pia hawajawahi, maana walikuwa wanaangalia koo langu. Nilivuta muda mrefu. Kasiksi ilikuwa nzuri. Nilikaa chini. Watu wakangoja nife. Nilikunywa tena.

Nzabandora alikaa kwenye kigoda akaweka mikono usoni. Nilidhani nimeharibu. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanatoka. "Weye Athanasie haujui adabu hata kidogo," akasema. "Hata kidogo! Lakini tangu nipike kasiksi, hakuna mutu aliniheshimu vile." Mkwe yule aliyekuwa anainuka alikuja, akaomba mrija. Ule wa Nzabandora. Wangu nilikwisha kuuficha.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini Nzabandora, kwa wema kabisa, akaniuliza: "Na kichwa, binti yangu? Sasa imepona? Haitarudia tena?"

Niliona Sebahire ananitikisia kichwa: sema ndiyo. Neno moja. Polycarpe alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Hata Dancille aliangalia chini. Nilijua kabisa kwamba neno hilo moja linanunua nyumba yangu, mlango wangu na paa langu la nyasi. Nami nayapenda hayo kuliko kitu chochote.

Nikasema: "Hapana. Haijapona. Itarudi. Mwakani nitakimbia tena na kusema mno, halafu nitafunga mlango tena, pengine wiki nne, pengine sita. Na watu kunikumbatia sitaweza hata nikizeeka. Ndivyo nilivyo. Lakini mkiniuliza kitu nitawajibu kweli, hata siku ambayo uongo ungenifaa. Kama leo."

Polycarpe alitoa karatasi akamnyooshea Sebahire. "Unaona? Yeye mwenyewe anasema. Weka mukono hapa."

Sebahire aliichukua. Hakuwa na furaha, naandika hilo kwa haki yake. Alitafuta kalamu.

Dancille akasimama. Sauti ya kuku, sauti ya barabarani, yote.

"Andika na mimi pale chini."

"Je?"

"Andika jina yangu. Akienda, tunaenda bote. Nani atamuwekea chakula kule? Nani atakohoa? Weye utabaki hapa na manjanja yako ya juu ya nyumba. Utachota maji, utapika, utapalilia. Nitatuma salamu."

Watu walicheka, hata mama mkwe wa Drocella. Sebahire hakucheka. Alimwangalia mke wake na akaona kwamba hatanii, mimi pia niliona, na mimi nyuso huwa sizisomi vizuri. Nzabandora akasema polepole kwamba yeye hana kesi na mtu yeyote tena, karatasi hiyo kama ilikuwa ya kumsaidia yeye, haitaki. Polycarpe akaanza kueleza, lakini mrija ulikuwa umeanza kuzunguka, na hakuna aliyemsikiliza.

Sebahire aliikunja karatasi mara nne akairudisha mkononi mwa Polycarpe.

Tulirudi nyumbani. Dancille alitangulia kuwasha moto. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini kwangu, na Sebahire akaja, akasimama mbele yangu, kofia mkononi. Tangu nizaliwe kaka yangu ameuliza habari zangu kwa Padri, kwa masista, kwa Polycarpe, kwa shangazi zetu wote wawili, nami nikiwa nimekaa hapo hapo nasikia.

"Athanasie," akasema. "Ikirudi, sisi tufanye je?"

Nikamsukumia kigoda.

"Kaa chini, kaka. Ni maneno marefu."

Akakaa.